Wekundu, Nne kwa Tatu

Kwa siku ya tatu mfululizo, karani wa banda la kupimia chai pale Ikuti alimrudishia Tusekile kikapu chake. "Mama, leo umechuma chai au umechuma kuni?" Mwanamke aliyechuma chai tangu usichana, ambaye vidole vyake vilijua majani mawili na kichipukizi hata akiwa amefumba macho, sasa alikuwa akikwanyua chochote kilichokuwa mbele yake. Akili yake haikuwa shambani. Ilikuwa kwenye ubao.

Ubao wenyewe ulikuwa mweusi, wa shule. Baba mkwe wake, Mwalimu Andongwisye, ambaye nyumbani walimwita Tata, yaani baba, alipewa alipostaafu. Wenzake waliomba mabati na magodoro, yeye akaomba ubao. Aliuegemeza kwenye ukuta wa jiko, chini ya upenu, na kila mwaka ligi ya kikapu ya Marekani ilipofika hatua ya mtoano, aliandika hapo utabiri wake. Mtoano ule si wa mechi moja. Timu mbili hukutana hata mara saba, na ya kwanza kushinda mechi nne ndiyo inayopita. Mwalimu, aliyewafundisha kikapu vijana wa Rungwe kwa ringi ya baiskeli iliyopigiliwa kwenye nguzo, hakuwa na raha kubwa kama ya kusema mapema nani atapita, tena kwa mechi ngapi. Timu aliziita kwa jezi alizozikuta nazo zamani, Wekundu, Kijani, Njano, na hata zilipobadili rangi yeye hakubadili.

Miaka tisa iliyopita, Tusekile alipoolewa na Lukasi, mwana wa Mwalimu, alikuta ubaoni pameandikwa: "Kijani, nne kwa moja." Akasoma, akatikisa kichwa. Yeye mwenyewe alicheza kikapu sekondari, mfupi lakini mwenye fujo, na utabiri ule ulimkera kama kokoto ndani ya kiatu. Lakini angesema nini, na kwa nani? Kwa desturi ya Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni wala hamsemeshi. Akimwona anakuja, huacha njia na kujibanza migombani mpaka apite. Siku hizi nyumba nyingi zimeachana na mambo hayo, ila mama mkwe, Esnath, aliyashikilia kwa mikono miwili, na Mwalimu hakuwa mtu wa kubishana na mkewe. Basi Tusekile alisubiri mzee aende kanisani, akachukua chaki, akaandika chini yake: "Haiwezekani. Wekundu, nne kwa mbili." Kisha akakimbilia jikoni.

Jioni akakuta maneno mawili tu: "Kwa nini?"

Hapo ndipo ulipoanza ubishi wa miaka tisa, ubishi wa chaki. Hakuwahi kusikia sauti ya mzee ikielekezwa kwake, lakini alimjua: kwamba anawathamini walinzi kuliko warefu, kwamba haisamehe timu inayokosa mitupo huru. Alimpenda mzee yule kuliko alivyompenda baba yake mzazi, aliyemwachisha shule. Kwingine kote pale nyumbani alikuwa mpishi na mchumaji. Ubaoni alikuwa mtu anayeulizwa sababu.

Mwaka huu mambo yaliharibika. Raundi ya kwanza mzee aliandika kwa herufi kubwa zilizopinda, kama mtu mwenye hasira. Raundi ya pili akaandika juu kabisa ya maneno ya Tusekile, yakawa hayasomeki. Ilipofika fainali Tusekile akaandika, "Wekundu, nne kwa tatu," na hakujibiwa. Mechi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kila alfajiri Lukasi alifungua simu na kumsomea baba yake matokeo barazani, Tusekile akisikiliza huku akichochea moto. Sasa ilikuwa tatu kwa tatu, kesho mechi ya saba, na ubao haujasema kitu.

Nimemkosea nini? Alijiuliza akichuma, akifua, akisonga ugali. Alikaa, akasimama. Alikwenda kuutazama ubao, akarudi, akaenda tena. Labda nimevuka mpaka. Labda amechoka kubishana na mwanamke. Alimfokea Lukasi kwa sababu ya kijiko kilichoanguka.

"Mke wangu," Lukasi akasema, "umekalia siafu?"

Jioni hiyo, manyunyu yakianza, uvumilivu ulimwishia. Alimkuta Esnath jikoni akimenya ndizi.

"Mama, naomba uniambie ukweli. Tata ameninunia?"

"Akununie kwa lipi?"

"Ameandika juu ya maneno yangu. Na haya ya fainali hata hajayajibu."

Esnath aliweka kisu chini. "Atajibuje asichokiona?"

"Haoni kivipi?"

"Macho, mwanangu. Mtoto wa jicho. Tangu Januari yamekuwa meupe yote mawili."

"Lukasi hakuniambia!"

"Akuambie nini, kitu ambacho hata mpita njia anakiona?" Kisha Esnath akasema taratibu, "Ee. Wewe humtazami."

Tusekile aliona aibu, akaona na uchungu. Miezi mitano alikuwa akiisikia fimbo ya mzee ikigonga njiani, na miezi mitano alikuwa akiinama migombani mpaka ipite. Alidhani ni fimbo ya uzee tu.

Nje ya ukuta wa mbao, kwenye kigoda kando ya ubao, kulisikika chaki ikikwaruza. Ikasita. Ikakwaruza tena, ikasita. Mzee alikuwa anajaribu.

Tusekile alijitanda kanga vizuri kichwani, akaugeuzia ukuta mgongo. Akamtazama mama mkwe wake. Esnath aliokota ndizi nyingine na kuendelea kumenya, kama mtu ambaye masikio yake yameziba.

"Tata," Tusekile akasema. "Nimeandika Wekundu. Nne kwa tatu."

Chaki ikanyamaza. Kisu cha Esnath nacho kikanyamaza. Tusekile alitamani kukimbia, akabaki palepale akiikunja na kuikunjua ncha ya kanga.

Ndipo sauti ya mwalimu, ile ya darasani kabisa, ikapenya kwenye mbao:

"Kwa nini?"