Mji wa Kwanza wa Fundi

Fundi wa simu wa mtaa wa Jabe hana papara na mchezo wake wa kompyuta wa kujenga miji. Kompyuta ikimpa kundi la watu wa kale awatafutie pa kuanzisha mji, hufuta kioo kwa pindo la shati, hushika kidevu, kisha huwapandisha mlimani zamu baada ya zamu, hata kama maadui wameshajenga. "Fundi, zamu saba zimeisha!" mteja wake Mélissa alimwambia juzi. "Si uwaweke apa kando ya ziwa? Samaki iko, shamba iko." "Apana," alijibu taratibu, bila kuinua macho. "Ziwa, mi naijua." Akafika kileleni, akajenga. Mchezo ukataka jina la mji. Kwa kidole kimoja akaandika jina la mtaa wa kwao wa zamani, ulioingiwa na maji ya ziwa hadi madirishani: Gatumba.