Kengele ya Kantini

Jina lake halisi walilijua watu wa mishahara tu. Wengine wote, kuanzia spika hadi wafagiaji, walimwita Bwana Kengele, kwa sababu kazi yake katika baraza la jimbo ilikuwa kubonyeza kengele ya kura na kufunga milango ya ukumbi. Kazi nyepesi, mtasema. Nami ningesema hivyohivyo, kama si ile siku ya ushuru wa pombe na sigara.

Baraza lile lilikuwa na utaratibu wake. Mleta hoja akisimama kuhitimisha, kengele inalia ili waliotoka warudi. Akimaliza, milango inafungwa, na aliye nje hana kura. Sasa, kengele ya kantini, kule chini, ilikuwa imekufa zamani. Kila bajeti fundi aliombwa, na kila bajeti wakubwa walikata fungu la matengenezo, wakisema Bwana Kengele ana miguu. Basi akishabonyeza, huyo anateremka ngazi mbiombio, anachungulia kantini na kusema, "Waheshimiwa, kura." Wala hakuna aliyewahi kumshukuru kwa ngazi zile.

Nyumbani alikuwa na mkewe, Mama Pacha, ambaye figo zilikuwa zimemgomea. Uhai wake ulitegemea mashine za kusafisha damu katika wodi moja ya hospitali ya jimbo, na wodi yenyewe ilikuwa imeishiwa fedha. Ndipo mheshimiwa mmoja, mwanamke aliyewahi kuwa muuguzi, akaleta hoja: ushuru wa pombe kali na sigara upandishwe kidogo, nyongeza yote iende wodini. Hoja ikipita, wodi inabaki. Ikianguka, inafungwa.

Asubuhi ile Mama Pacha alimnyoosha mumewe kola, akamwambia asikilize vizuri, aje amsimulie neno kwa neno.

Mjadala ulivutana hadi alasiri. Waliopinga walisema wananchi wamekamuliwa vya kutosha, na kwamba kodi ikishapanda haishuki tena. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja aliwasemea kwa uchungu wenye vibanda wa eneo lake. Waliounga mkono walikuwa wengi zaidi, nao walilijua hilo, wakabweteka. Kundi kubwa lao likashuka kunywa chai, wakipita wanamgusa bega: tukihitajika utatuita, mzee.

Muuguzi akasimama kuhitimisha. Bwana Kengele akabonyeza, akageuka kuelekea ngazi. Alikuwa ameshakanyaga ya kwanza aliposikia sauti nyuma yake.

"Juzi nilikwenda wodini. Kuna mama pale anasema mashine ndiyo mume wake wa pili, tena afadhali huyu, hakoromi."

Ukumbi ukaangua kicheko, mpaka waziri wa fedha. Ule ulikuwa utani wa Mama Pacha. Bwana Kengele alirudi mlangoni. Alijiambia asikilize kidogo tu, kisha kidogo tena. Maisha yake yote alikuwa amesimama pale akiwasikiliza wakubwa, na leo wakubwa walikuwa wanamsikiliza mkewe. Kifua kilimjaa, miguu akaisahau. Alikuwa bado anayakariri yale maneno ya kwenda kusimulia, spika akaagiza milango ifungwe. Akasukuma komeo kama alivyozoea.

Hapo ndipo alipoviona viti vitupu.

Hoja ilianguka kwa kura tatu. Wanywaji chai walipanda ngazi wakijifuta midomo, wakakuta mambo yamekwisha. Wangejitetea vipi? Kengele ililia, ukumbi mzima uliisikia, na wao walikuwa kantini. Kusema mzee hakuwaita kungekuwa kukiri kwamba fedha za fundi wa kengele walizikata wenyewe. Magazeti yakawaanika, na mitaani wakabandikwa jina la Wanywaji Chai.

"Na wale wetu walikuwa wapi?" Mama Pacha aliuliza usiku.

"Kantini," akajibu.

Alimsimulia kile kicheko cha ukumbi. Mkewe alifurahi sana, akataka asimuliwe tena, na yeye akasimulia, roho ikimuuma.

Wodi ilifungwa. Hospitali nyingine yenye mashine ilikuwa mbali, nauli ikawashinda, na Mama Pacha hakumaliza mwaka.

Msibani alikuja mmoja wa Wanywaji Chai, kijana bado. Wanawake walimpa kisogo. Shemeji wa marehemu akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba apewe chai huyo, ndiyo aipendayo. Kijana akaja moja kwa moja kwa mfiwa, aliyekuwa ameketi katikati ya wanawe pacha, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mzee wangu. Wallahi kengele sikuisikia."

Maneno yalimfika Bwana Kengele kooni. Akawatazama wanawe, nao walikuwa wanamtazama yeye, wakingoja atakachosema.

"Nimeshakusamehe, mheshimiwa," alisema.

Waliokuwa karibu wakanong'onezana kwamba mzee huyu ana moyo mkubwa.