Ombi Nililolifunga kwa Isale

Jamani, hili ningelificha mpaka nizikwe nalo, ila kwa kuwa Mwika nzima wanalijua, na kila nikipanda kijijini kuna mtu ananiuliza huku anacheka, safari hii nimeleta ombi gani, heri mlisikie kwangu mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wale wanaoongeza chumvi.

Nyumbani kwetu huko juu (jina la kijiji naliacha, wenyewe wanajijua) kulikuwa na mfongo, ule mfereji wa kienyeji unaoteremsha maji kutoka mlimani, na wetu ulipita nyuma ya jiko, katikati ya migomba na kahawa, kwa hiyo utoto wangu wote nimelala nikisikia maji yakipita. Zamu yetu ikifika baba alikuwa ananiamsha alfajiri twende kuyafungua, yeye na jembe lake, mimi nimejifunga shuka mpaka kichwani, na akishafungua anasimama tu anayatazama yanavyoingia kwenye migomba, hasemi kitu, na mimi nasikia baridi lakini sitaki turudi ndani. Mpaka leo, niko zangu Soweto pale Moshi mjini nashona nguo za watu, nikifungua bomba nazikumbuka zile alfajiri na roho inaniuma.

Kisha mfongo ukahamishwa. Mzee Aminieli, aliyekuwa mwenyekiti wa mfongo, alisema mkutano wa kijiji umeamua upite kwa juu. Baba akasema hakuna mkutano uliokaa, akamwita mzee mwenzake mwongo mbele za watu na kudai aonyeshwe muhtasari wa huo mkutano. Hakuonyeshwa. Maji yakaondoka kwetu, salamu zikakatika, na baba akafariki bado anaudai huo muhtasari. Mama akabaki anateka maji kwa jirani, na kila nikienda kumwona ananiambia, wala si kwa hasira, ni kwa kuchoka tu, kwamba kabla na yeye hajaondoka angependa watu wajue mume wake hakuwa mgomvi wa bure.

Sasa siku moja nikahudhuria semina mjini (nilifuata chai na sambusa, nisiwadanganye), nikasikia kumbe kuna sheria, mwananchi anaweza kuandikia ofisi ya umma akaomba taarifa, na ofisi inatakiwa kumjibu. Nilitoka pale kifua mbele. Nikaandika barua yenye kichwa cha habari kwa herufi kubwa, OMBI LA TAARIFA, nikaomba nakala ya muhtasari wa mkutano uliohamisha mfongo, nikaitia kwenye bahasha, nikapanda nayo kijijini mwenyewe.

Mvua ikanikuta njiani. Bahasha yangu ya bei rahisi ikalowa, gundi ikaachia, karatasi zikaanza kuchungulia, na mimi fundi cherehani mzima sina hata uzi. Nikaangaza macho, pembeni ya njia kuna ua la masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani mwa vihamba, yale mashamba yetu ya ukoo, nikachuma jani moja, nikalizungushia bahasha, nikapiga fundo safi la kifundi. (Najua, najua. Wachagga wote mnaosoma hapa mmeshashika vichwa.) Kwa wasio wa kwetu niseme tu kwamba jani la isale (ndiyo hayo hayo masale) ukilipiga fundo ukampelekea mtu, unamwomba msamaha, na mila haimruhusu kukataa. Nimelijua hilo tangu mdogo, lakini mjini nimekaa sana, na siku ile mkono ulikuwa unatafuta kamba tu. Siku hizi natembea na pini na gundi mkobani, nimeapa.

Nafika ofisini, uwanja umejaa, kumbe ni siku ya mkutano wa kijiji na watu wote wamejibanza barazani kukwepa mvua, na Mzee Aminieli yuko benchi la mbele kabisa. Nikawaamkia wote shikamoo, nikapiga goti kidogo kama nilivyolelewa, nikamkabidhi mtendaji wa kijiji bahasha kwa mikono miwili, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua haki zake, "Nimeleta ombi. Linamhusu marehemu baba na mfongo."

Mtendaji akaitazama ile bahasha, hakuifungua, akampa Mzee Aminieli. Mzee akasimama taratibu, akavua kofia, akalipapasa lile fundo.

"Nimelisubiri jani hili mpaka nikakata tamaa," akasema. "Nilidhani baba yako amekwenda nalo."

Nikajaribu kueleza kwamba mimi naomba taarifa, lakini sauti ilitoka nyembamba, na mwinjilisti aliyekuwa karibu yangu akanishika bega akasema taarifa tumeipata mama, na ombi limepokelewa, akaanza kusali. Sala haijaisha vizuri, vigelegele. Kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ikatokea sijui wapi, mzee akaonja akanipa mimi. Nikamtazama, machozi yanamtoka, na ni huyu huyu ambaye zamani, kabla ya ugomvi, siku za kuzibua mfongo alikuwa ananikatia muwa na kunimenyea mwenyewe. Ningemwambia nini? Nikanywa.

Watu walipotawanyika mtendaji akaisoma barua, akanitazama mpaka nikaona aibu upya. "Dada, unaomba msamaha au unatudai?" Nikasema naomba taarifa. Akasema muhuri anao, ila akiugonga leo yule mzee atasikia kabla hajafika kwake, je, augonge? Na mimi niliyetoka mjini kifua mbele nikamwambia aache kwanza, nikairudisha barua kwenye mkoba.

Nyumbani habari zilishatangulia. Mama alikuwa jikoni, nikamwamkia, hakuitikia. Baadaye sana akaniuliza, "Umemwombea baba yako msamaha kwa kosa gani?"

Ile aibu ya barazani naweza kuisimulia nikacheka, lakini lile swali la mama nililala nalo nikilia.

Alfajiri nikaamshwa na sauti ya maji. Nilijua naota, nikalala vile vile nikisikiliza, najiona mtoto, nasubiri baba aniite. Hakuna aliyeniita, na maji yakaendelea kupita. Nikatoka nje nikamkuta mama ameinama kwenye migomba ananawa uso. Mzee Aminieli alikuwa ameyarudisha mwenyewe usiku kwenye mfereji wetu wa zamani. Tukasimama pale wawili, tunayatazama yanavyoingia, hakuna anayesema kitu, na nilimkumbuka baba siku ile kuliko hata siku tuliyomzika.

"Ile barua unayo?" mama akauliza.

Nikamwambia ninayo.

"Ipeleke. Wewe wamekusamehe. Baba yako bado anadai muhtasari."

Tukaipeleka asubuhi ile ile. Mama alivaa kanga zake za kanisani, akanisindikiza mpaka kwenye mlango wa ofisi, akagoma kukaa kwenye benchi, akasimama pale pale mpaka aliposikia muhuri umegongwa.