Mjomba Alivyopimwa Akili Ruiru

Katikati ya miaka ya hamsini, Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni ikiwa bado imetukaba koo, niliajiriwa kuwa mkalimani wa mtafiti wa saikolojia, Mzungu mpole aliyetaka kujua kama Mwafrika anaweza kufundishwa mashine. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi. Alinipa saa ya kupimia mbio, nikaivaa shingoni na kutembea kama daktari.

Thika tuliwapima wafanyakazi wa kiwandani ndani ya darasa, asubuhi, baada ya chai. Ruiru, ambako shamba la kahawa lilitaka mtu mmoja wa kusimamia mashine mpya ya kumenya, tulipewa ofisi ya kambi ya wafanyakazi: chumba kile kile ambamo watu walihojiwa kuhusu viapo vya siri vya wapigania uhuru, na wengine wakatoka wamebebwa. Mtafiti hakuuliza. Mimi nilijua, nikanyamaza, kwa sababu kilikuwa na meza nzuri.

Mjomba wangu, mdogo wa mama, mchuma kahawa wa shamba lile, aliitamani sana kazi ile. Mashine ya zamani aliitengeneza miaka mingi kwa waya na mipira ya baiskeli. Akawekewa vipande vya mbao.

"Vipande vipi vinafanana?" nikatafsiri.

"Sijui, bwana."

Mjomba kuniita mimi bwana!

"Na hiki kinakwenda wapi?"

"Sijui. Siku hiyo nilikuwa nimelala."

Mtafiti akaandika sifuri. Nje nikamshika mkono. "Mjomba, kulala gani? Ni mbao tu!"

"Ai, kwani ulisomea nini huko? Mzungu ana karatasi, kando yake yuko wa kutafsiri, mlango umefungwa. Ukijua moja, utaulizwa la pili. Wanaojua wako kizuizini."

Nilirudi ndani kumsihi mtafiti ampime upya, penye mashine.

"Maswali yalikuwa yale yale," akasema, "na dakika zile zile. Nikimrudia mmoja nitaharibu jaribio."

Jaribio! Alipima woga kwa saa ya michezo, akauita akili. Mpaka leo nikisoma taarifa za namna hiyo natafuta watu walipimiwa wapi, na nani alisimama mlangoni. Hawaandiki. Nami nilitia sahihi kwamba tafsiri yangu ilikuwa sawa. Ilikuwa sawa, neno kwa neno.

Kazi akapewa mtu wa Thika, hodari wa mbao. Mashine ilipokwama msimu wa kwanza, meneja alimwita mjomba aje amfundishe. Alimfundisha wiki mbili, bila kinyongo, kisha akarudishwa kuchuma. Kinyongo nimebaki nacho mimi, mwenye shahada.