Safu ya Mama kwenye Orodha ya Mpofi

Wengine mnakumbuka utoto wenu kwa harufu ya maziwa ya moto au ya mahindi ya kuchoma. Mimi, mnisamehe, nakumbuka petroli. Nikiisikia tu imechanganyika na vumbi lililopata joto, nimesharudi Kitshanga, kwenye baraza ya dada Kavira, na groupe inaunguruma. Groupe ndivyo tulivyoiita jenereta yake ndogo nyekundu, aliyoifunga kwenye nguzo kwa mpira wa baiskeli ili isitembee ikiwaka. Kabla ya kuvuta kamba yake alifanya ishara ya msalaba, kisha akaitukana kidogo, kwa adabu, nayo ikawaka.

Dada Kavira alikuwa msichana wa Butembo. Kwao wote ni watu wa maduka na malori, lakini yeye alisomea kompyuta, akaja Kitshanga kufungua chumba cha kuchapa barua na kuchaji simu. Kompyuta yake ilikuwa moja, ya mezani, yenye kioo kinene cha mgongo mrefu. Aliifunika kitambaa cha kufuma, na ole wako uweke kikombe cha chai juu yake. Mama yangu aliuza maparachichi pale barazani, nami nikitoka shule nilikaa ndani, eti nasoma. Nilikuwa na miaka kumi na mdomo mrefu kuliko miaka yangu.

Tulikuwa wakimbizi wa vita. Siku tuliyokimbia Kirolirwe, mdogo wangu Bahati, wa miaka minne, alishikwa mkono na mimi. Si Mama, ni mimi. Risasi zilipolia watu walikuja kama maji, mkono wake ulikuwa na jasho, ukateleza. Sina maneno mengine juu ya hilo. Wengi wa siku ile walitelemka upande wa Walikale, sisi tukapanda Kitshanga. Mama hakunilaumu hata mara moja, na hiyo ndiyo iliyoniua.

Sasa, dada Kavira alikuwa ameandika programu ndogo kwa ajili ya kamati ya kambi. Upande mmoja aliweka orodha ya watoto wanaotafutwa, upande wa pili orodha ya watoto waliookotwa mahali pengine. Programu ililinganisha jina, miaka na kijiji. Ilikuwa imekwisha kuwarudisha watoto kadhaa kwao, na watu walikuja kuiangalia kama vile wanakuja kuamkia mtu mkubwa. Kwa hiyo siku Papa Safari wa kamati aliposhuka kwenye pikipiki akiwa na orodha ya Mpofi kwenye flash, Mama aliacha beseni lake nje na kuingia ndani. Mpofi iko Walikale. Kama Bahati alikuwa hai, tulisema, basi ni huko.

Dada Kavira aliichomeka flash, akaandika kwenye programu mahali ilipo, halafu akatoka kuongeza petroli. Na mimi, mtoto wa watu, nikaichomoa. Nilitaka tu kuiona. Nilijiuliza Bahati ametosha vipi mle ndani. Niliposikia viatu vyake nikairudisha haraka, kwenye tundu la jirani.

Alipobofya programu, dirisha jeusi likafunguka na kujifunga papo hapo. Akabofya tena. Likakonyeza tena, likapotea.

"Nani alishika kompyuta?"

"Hapana mimi," nikasema, kabla hajamaliza kuuliza.

Alifungua mwenyewe lile dirisha jeusi, akaandika jina la programu herufi kwa herufi ili maneno yake yabaki kwenye kioo yasikimbie. Akasoma: faili haionekani. Akainama akatazama matundu ya kompyuta, kisha akanitazama mimi.

"We mutoto! Kila tundu iko na herufi yake. Umehamisha flash, sasa programu inaenda kubisha hodi kwa nyumba ya zamani." Akacheka, Mungu ambariki, wakati mimi nilikwisha kujiona nimemuua mdogo wangu mara ya pili.

Akabadilisha herufi. Programu ikaenda vizuri mpaka mwisho, bila kulalamika, ikaandika: sufuri. Hakuna hata mtoto mmoja.

Mama akakaa chini, pale pale kwenye sakafu.

Papa Safari akatingisha kichwa. "Ni batu ya Mpofi. Hawajue kuandika liste."

"Ngoja kwanza, Papa," dada Kavira akasema. "Ile programu ni mimi niliandika. Acha nianze kwangu." Halafu akanivutia kiti. "Na weye, weye ndo uliharibisha, weye ndo utabonyeza."

Akafungua debogeri. Hiyo ni programu nyingine, ambayo kazi yake ni kuisimamisha ile ya kwanza njiani na kuipeleka hatua moja moja, wewe ukiitazama inafanya nini. Kando ya mstari aliweka doa jekundu, mahali pa kusimama. Kila nilipobonyeza, mkanda wa njano ulishuka mstari mmoja. Bonyeza, shuka. Bonyeza, shuka. Watu waliokuwa wanangoja simu zao walisogea. Nilikuwa najisikia rubani.

Kila mtoto wa Mpofi alipofika mstari fulani, mkanda uliruka. Ilibaki mistari mitano ya kulinganisha majina, nao ukaipita yote juu kwa juu hadi kwa mtoto mwingine.

"Dada, inaruka."

"Nimeona. Bonyeza tena."

Ukaruka tena. Akaweka mshale juu ya mstari ule, kompyuta ikaonyesha inachosoma: mama, Mama Sifa. Mtoto aliyefuata: mama, Mama Riziki. Wa tatu: mama, Mama Sifa. Dada Kavira alitoa mikono mezani, akaiweka mapajani.

Alikuwa ameiambia programu: mtoto mwenye jina kwenye safu ya mama si mtoto aliyepotea, mwache, endelea. Kambi nyingine zote ziliacha safu hiyo wazi kwa watoto waliookotwa. Mpofi hawakuacha hata moja.

Akasimama. "Kosa ni yangu," akasema, kwa sauti, mbele ya watu wote. "Mpofi waliandika muzuri. Machine nayo imefanya ile nilisema. Ni mimi sikuuliza." Papa Safari akaanza kuchunguza viatu vyake.

Alifuta sharti lile, akaniambia nibonyeze. Na pale juu ya kioo, kwa herufi nyeupe: Bahati, miaka minne, Kirolirwe, mama: Mama Sifa.

Nilipiga kelele hadi kuku wa jirani wakaruka. Mama alisimama akilia, halafu, amini usiamini, akakasirika. "Mama Sifa ni nani? Mutoto ni wangu! Nani alimupa ruhusa?"

Juma lile lile Mama Sifa alikuja mwenyewe kwa pikipiki, mwanamke mfupi mwenye tope hadi magotini, Bahati amebanwa kati yake na dereva ndani ya sweta lililomfika miguuni. Mama alimkumbatia mwanawe mpaka akalalamika. Kisha akamgeukia yule mwanamke, na salamu yake ilikuwa baridi.

"Mama, kwa nini uliandika jina yako?"

Mama Sifa hakukasirika. "Ile siku ya kuandika, alikuwa amesimama hapa, ananishika kikwembe kiunoni. Wakaniuliza, mama yake ni nani? Ningesema hana, na yeye anasikia?"

Mama alifungua kitenge chake cha juu, akakitandika barazani, akamkalisha Mama Sifa juu yake. Ndipo akamwita dada Kavira. "Jina yake, usiifute. Ongeza yangu."

Wakati ule nilichompendea dada Kavira ni vidole vyake. Niliapa nitakuwa na vidole kama vile, na leo kazi yangu Goma ni kutafuta makosa kwenye programu za watu. Imenichukua miaka kuelewa kwamba vidole ni jambo dogo. Alikuwa na mtu wa kumtupia lawama, mbali, asiyeweza kujitetea, akakataa, akaanza kwake. Na mimi niliyebeba ule mkono ulioteleza, nilichelewa sana kujua kwamba jioni ya siku ile ile ya kukimbia mwingine aliushika.

Kila orodha ya familia ninayotengeneza ina safu mbili za mama. Wakubwa wangu wa kazi huniuliza ya pili ni ya nini. Huwajibu kwamba hiyo ni ya Mama Sifa.