Siku niliyokaa kwenye kigoda cha Tata nikisubiri kwenda chuo

Wakuu, salamu kwenu, na shikamoo kwa wanaostahili.

Nimeona uzi humu watu wanashauri vijana waliomaliza form six wafanye nini wakisubiri chuo. Wengine wamesema wajifunze kompyuta, wengine udereva. Ushauri mzuri. Mimi naomba niwasimulie miezi yangu ile. Ni kweli tupu. Kama mtaona nimezidisha ukungu, mjue Muleba ukungu hauzidishwi, upo.

Ilikuwa miaka ile ambayo dawa za kurefusha maisha zilikuwa hazijafika kwetu. Watu wa Kagera wa rika langu wanaielewa. Ugonjwa haukutajwa jina. Mtu alisemwa "anaumwa," basi, na kila mmoja akatazama chini.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa anaumwa.

Mama alikuwa ametangulia, amelala kibanjani kwetu, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, upande wa mibuni. Nyumbani tulibaki watatu: Tata, mimi, na mdogo wangu Adventina, ambaye alikuwa bado sekondari ya kutwa na alikuwa na ulimi mkali kuliko kisu cha kumenyea ndizi.

Jina langu lilitoka gazetini, chuo kikuu, Dar es Salaam. Tangu siku hiyo sikuwa mtu wa duniani.

Nilikuwa naanika kahawa uwanjani, nageuza buni kwa nyayo, huku akilini nimekaa kwenye ukumbi mkubwa wenye madirisha marefu. Kibanja chetu kiko mlimani. Ukungu ukipanda asubuhi, ziwa linaonekana chini kidogo kidogo, na meli inayoelekea Kemondo inakuwa kama punje ya mchele. Mibuni ilikuwa imetoa maua. Mwenye kujua harufu ile anajua kwamba mtu anaweza kusimama tu, mchana kweupe, akaota.

"Profesa," Adventina alikuwa akiniita, "hizo buni zitajigeuza zenyewe?"

Tata ndiye aliyesimamia maandalizi. Alikaa mlangoni juu ya kigoda chake, blanketi mabegani, akatoa amri kama aliyerudi jeshini. Kweli aliwahi kwenda vitani, wakati ule wa vita vya Kagera, mimi sijazaliwa. Kabla ya kuondoka alichimba handaki kibanjani ili familia ijifiche ndege zikija. Aliporudi akapanda mgomba humo. Ulikuwa mgomba mnene kuliko yote. Alikuwa akisema, "Vita havikuniachia kitu, ila shimo zuri la mgomba."

Basi akanifundisha kupiga pasi ya mkaa, kushona kifungo, kupaka rangi sanduku la bati. Akanipa viatu vyake vya ngozi. Akanipa na koti lake.

"Dar ni joto, Tata," Adventina akasema. "Atalivaa wapi?"

"Atalivaa ndani ya heshima," Tata akajibu, na wote tukacheka hadi akakohoa.

Sasa hapa lazima nieleze kitu kwa wasio wa kwetu.

Kigoda cha baba Mhaya hakikaliwi na mtoto. Baba akifa, matanga yakiisha, ukoo unakusanyika na kumkalisha omusika, yaani mrithi, juu ya kigoda kile. Anavishwa koti la marehemu, anashikishwa mkuki. Tangu hapo moto wa nyumba ile ni wake na hapaswi kuuacha uzimike. Kwa hiyo kukaa hapo baba akiwa hai ni sawa na kumwambia: nimeshakuzika.

Nililijua hilo tangu utotoni.

Siku moja mvua ikanyesha. Tata alikuwa amelala ndani. Baridi ilikuwa kali, nikavaa lile koti. Nikachukua viatu nivijaribu, maana nilikuwa narudia kuvijaribu kila siku. Nje kumelowa. Nikachukua mwavuli, nikasimama mlangoni, nikatazama ziwa, nikaanza kuota: ninashuka kwenye treni, watu wananiita kwa jina kamili. Nikakaa nifunge kamba za viatu.

Nilikaa juu ya kigoda, wakuu. Koti mwilini, mwavuli umesimama mkononi kama mkuki.

Na wakati huohuo shangazi Domitila, dada yake Tata, anaingia uani akitokea Nshambya, kikapu kichwani.

"Mawe! Mawe! Mama wee, mmemzika ndugu yangu na mimi sijaambiwa?"

Kikapu kikaanguka. Adventina akatoka jikoni na mwiko. Mimi nikasimama, lakini kusimama kulikuwa kumechelewa.

Kabla ya jua kuzama baba mkubwa, Ta Projestus, alikuwa amefika, na wazee wengine wa ukoo. Wakakaa sebuleni. Hawakunigombeza. Ingekuwa nafuu wangenigombeza.

"Kigoda kimemwita," shangazi akasema. "Aliyekwisha kukaa haondoki. Akiwa huko mbali na jambo likatokea, tutamkalisha nani? Nyumba itakuwa na moto wa nani?"

Ta Projestus akanigeukia kwa upole. "Mwanangu, chuo hakihami. Maliza kwanza kazi ya hapa, kisha utakwenda."

Kila mtu aliielewa hiyo "kazi ya hapa." Nilitakiwa nisubiri baba yangu afe.

Na chuo kisingenisubiri. Asiyeripoti anapoteza nafasi, wote tulilijua hilo. Lakini ningesema nini? Ningemwambia nani kwamba nataka kwenda? Ndoto zangu zote zikawa kama za mtu mwizi.

Ndipo sauti ikatoka chumbani.

"Adventina. Tandika nyasi."

Kwetu nyasi mbichi hutandikwa sakafuni kwa ajili ya sikukuu na wageni. Adventina alizileta kwa mikono miwili, zikanukia nyumba nzima. Tata akatoka akishika ukuta. Akatoa mkuki uliochomekwa darini, ule wa babu. Akanivisha koti, akafunga vifungo kimoja kimoja, akanishikisha mkuki.

"Kaa."

Shangazi akajifunika uso kwa kanga.

"Ndugu yangu," Ta Projestus akasema, "mtu hakalishi mrithi wake akiwa anaona."

"Nilipokwenda vitani mliniaga kama maiti," Tata akamjibu. "Nikarudi, mkaona haya. Safari hii naaga mwenyewe, macho yangu yakiona."

Nikakaa.

"Mmemwona? Huyu ndiye omusika. Asiitwe tena kuja kukalishwa, nimemkalisha mimi. Na mrithi hutumwa na baba yake. Namtuma akasome. Moto atauwasha Adventina."

"Msichana?" mzee mmoja akauliza.

"Kwani sasa hivi anauwasha nani? Wewe?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Tata akanigusa bega kwa mkono. "Haya, inuka kwenye kigoda changu. Bado nimo."

Shangazi alikuwa analia na kucheka pamoja. Baadaye ndiye aliyenipikia kahawa ya kutafuna ya safarini, akaifunga kwenye jani la mgomba.

Nilipandia meli Kemondo. Tata hakuja bandarini, alibaki mlangoni. Adventina alikuwa ameniahidi kuchoma majani mabichi ili nione moshi wa kwetu nikiwa ziwani. Nikasimama sitahani, nikatazama mlimani. Ilikuwa saa ya kupika. Mioshi ilikuwa mingi, kila kibanja na wake. Nikachagua mmoja. Nikautazama mpaka ulipogeuka ukungu.

Tata alifariki kabla sijamaliza muhula wa kwanza. Habari zilinifikia ameshazikwa.

Niliporudi likizo nilimkuta jirani na mama. Mlangoni kigoda kipo, chini yake nyasi mbichi.

"Shangazi alitaka usubiriwe ukalishwe," Adventina akaniambia. "Ta Projestus akasema, 'Nilishamwona amekaa.' Hakuna aliyekigusa."

Nikakaa. Nikainama, nikafungua kamba za viatu.

Miaka ilipita. Adventina naye alipopata chuo cha ualimu, mimi ndiye niliyepaka rangi lile sanduku la bati, na mimi ndiye niliyebaki kuchoma majani mabichi. Aliniambia aliona mioshi mingi, akachagua mmoja.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: sanduku unaweza kulipanga mwenyewe, ila ruhusa ya kuondoka lazima upewe na mtu anayekupenda. Kama unaye mtoto nyumbani anasubiri chuo, mwambie nenda, mwambie kwa mdomo wako, asikie.

Nawe, nani alikuambia nenda? Andika hapa chini. Nipo, nasoma.