Programu Iliyosafiri kwa Foni

Victoire Kitsa alipewa mashine nzuri kuliko zote alizowahi kugusa, kisha akaambiwa asiiguse sana. Ilikuwa kompyuta ya shirika lililokuwa likiwatafutia watoto waliopotea vitani wazazi wao, katika ofisi ya vyumba viwili kule Beu, mjini Beni. Wakubwa wa shirika, walioketi ng'ambo, waliifunga kabla ya kuileta. Mdomo wa kuingizia disketi ulizibwa kwa kibati na skrubu. Neno la siri walibaki nalo wenyewe. Ukijaribu kuweka programu mpya, kioo kilikujibu kwa Kifaransa cha adabu kwamba huna haki. Uliachiwa kuandika barua na kupanga majedwali, basi.

Butembo kulikuwa na mashine pacha, imefungwa vilevile, na mbele yake alikaa Esdras. Yeye na Victoire walisomea uandishi wa programu darasa moja, wakigombania kompyuta kuukuu iliyozimika kila mtu alipowasha pasi jirani. Sasa kila mmoja alikuwa na yake, na hakuna aliyeweza kuiandikia kitu.

Mwanzoni mwa mwaka 2003 vita vya Ituri vilisukuma watu kuelekea kwao. Walitokea msituni kupitia Mabalako, wengine wakajaa Mbau na Oicha, wengine wakapitiliza hadi Butembo kwa jamaa zao. Njiani, risasi zikilia, mama anashika huyu, yule anapotea. Kila asubuhi Victoire alisoma majina kwenye foni, ile redio ya kuongelea mbali, na Esdras akayatafuta kwenye mashine yake. Tabu ilikuwa tahajia. Mwandishi mmoja aliandika Kahindo, wa pili Kayindo. Kavugho wa Beni alikuwa Kavuo akifika Butembo. Mashine ilitazama herufi kwa herufi na kusema hakuna, na mtoto akaendelea kukaa kwa watu asiowajua.

Victoire alijua dawa yake: programu itakayosikia jina kama sikio linavyolisikia. Alimwendea mkuu wa ofisi, Mama Ngalula, mwanamke wa Kasai aliyetumwa Beni kabla ya vita na kukwama huko.

"Mashine haiko yangu, mwanangu," Mama Ngalula alimjibu. "Barua inasema hapana kuingiza kitu. Wakijua, wataikamata, tutabaki na karatasi tu."

Siku moja adhuhuri, Victoire akila mhogo wake huku akisoma maelezo ya msaada ndani ya mashine, aliona jambo akaacha kutafuna. Maelezo yale yalifunguka kwa programu ya kusomea kurasa za Interneti. Interneti haikuwapo, lakini programu yake ilikuwapo, wala waliofunga mashine hawakuikumbuka. Na kurasa za aina ile hutii amri ukiziandika ndani yake. Alifungua mahali pa kuandikia maneno matupu, akapiga mistari mitatu, akahifadhi, akaifungua. Kidirisha kikachomoza katikati ya kioo: *Wasingya*. Asante, kwa Kinande. Mashine imemshukuru kama alivyoiamuru.

Mwili ulimsisimka mpaka vidole. Akamwita mkuu wake.

"Umeingiza kitu?" Mama Ngalula aliuliza.

"Hapana, Mama. Nimeandika tu. Kuandika tunaruhusiwa."

Mama Ngalula alivaa miwani, akaitoa barua ya masharti, akaisoma taratibu mpaka mwisho. "Inasema kuingiza," alisema. "Kuandika haisemi. Donc, andika."

Victoire aliandika kama mtu anayekimbia mvua. Aliifundisha mashine kutojali *h* na *y*, kuhesabu *l* na *r* kuwa ndugu, kuruka vialama vya Kifaransa juu ya herufi na ile *e* ya mwisho isiyosikika. Alipoandika Kayindo, Kahindo akatokea. Alicheka peke yake.

Ila nusu ya watoto walikuwa kwenye mashine ya Butembo. Disketi hakuna, na wiki ile malori hayakuthubutu barabarani. Ikabaki foni. Basi Victoire akashika kipaza sauti, akaanza kuisoma programu yake hewani, mstari kwa mstari, naye Esdras akaipiga kule. Mabano na nukta walizitaja kwa Kifaransa kama walivyosomeshwa, na kila mmoja alimaliza zamu yake kwa *à vous*, yaani sema wewe.

"Fungua parenthèse. Jina, point, longueur. Funga parenthèse. Fungua accolade. À vous."

"Accolade ngapi? Unakwaruza. À vous."

Siku ya pili, walikuwa hawajafika nusu ya programu gari la askari liliposimama nje. Aliyeshuka aliitwa Ignace, kamanda wa mawasiliano, mtu wa mkoa wa mbali, mrefu, mwenye sauti ya chini. Aliingia bila kubisha.

"Tunawasikia tangu jana," alisema. "Banasema munapitisha code."

"Ndiyo, Commandant, iko code," Victoire alijibu kabla hajafikiri; kwake code ilikuwa mistari ya programu, kwa askari ilikuwa siri ya vita.

Mama Ngalula alifumba macho.

Wakati ule watu walikuwa wakichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hayo. Victoire alianza kueleza haraka haraka, kisha akaona maneno hayatoshi. Alisogeza kiti. "Keti, Commandant. Taja jina la mutu unayemutafuta."

Ignace aliketi. Akataja jina la mdogo wake wa mwisho, ambaye hakupata habari zake tangu vita vianze. Victoire akaandika. Mashine ikatafuta, haikupata mtu. Ignace alikitazama kioo kitupu kwa muda, kama anayesubiri kibadili mawazo.

"Bon," alisema. "Mutaendelea. Lakini mimi nitakaa hapa nisikilize. Na munasoma vibaya. Ujumbe wa redio, mwenzako anaurudilia wote, mstari kwa mstari, ndipo unapita mbele. Bila hivyo munapoteza siku."

Alisema kweli. Walipofuata utaratibu wake makosa yalipungua, na yule aliyekuja kuwakamata ndiye aliyekuwa akiinua kidole: "Butembo hakufunga accolade." Siku mstari wa mwisho ulipopita, wote watatu wakaiinamia foni. Halafu sauti ya Esdras ikatoka ikikwaruza: "Inatembea. Victoire, inatembea."

Asubuhi iliyofuata alikuja mwanamke aitwaye Sophie kutoka Mbau, kwa miguu, vumbi hadi kiunoni. Alikuwa muuza chumvi na sabuni Mambasa. Binti yake alimponyoka mkono kwenye daraja, watu wakikimbia. Mtoto mdogo tu, bado hajaanza shule. Jina lake Bénie. Mashine ya Beni haikumwona. Victoire akalipeleka jina Butembo.

Esdras alichelewa kujibu. "Nimeharibu mahali," alisema hatimaye. "Kuna mstari nilikosea kupiga. Programu yangu haiangalii fasi ya jina tu, inaangalia fishi yote, karatasi nzima ya mutu. Inanitolea batu wote walioandikwa kuwa wametoka muji wa Beni. Ngoja nitengeneze."

"Usitengeneze," Victoire alisema. Akaisogelea foni. "Nisomee wale batoto. Wa kike."

Esdras akasoma. Wawili walikuwa wakubwa. Wa tatu: msichana mdogo, jina halijulikani, wazazi hawajulikani, atokako Beni.

"Nani alimuandika?"

"Mimi hapana. Iko fishi ya paroisse, ya kanisa la hapa."

Victoire aliinuka bila kuachia kipaza sauti. "Esdras, sikiliza. Walimuuliza jina, akasema Bénie. Mwandishi akasikia muji."

Foni ikalia tik: Esdras amebonyeza kitufe. Kisha wakasikia kiti kule Butembo kikianguka, na hatua za mtu anayekimbia.

Mtoto alikuwa akitunzwa na familia moja karibu na kanisa. Kabla jua halijapanda sana Esdras alirudi akihema, akasema ameketi na mtoto hapo, lakini mtoto hataki kusema neno. Mama Ngalula alimsogeza Sophie mbele ya foni, Ignace akamwonyesha kitufe cha kubonyeza na kuachia. Sophie alibonyeza, akasema kwa Kinande, polepole, maneno ambayo mama humwambia mtoto anapomwamsha. Akaachia.

Upepo tu wa redio. Victoire aliona Ignace amekunja ngumi juu ya goti.

Kisha sauti ndogo sana: "Mama, nilipotezaka kiatu."

Sophie alikaa chini sakafuni palepale. Hakulia, alicheka, akabonyeza kitufe na kusema haidhuru, haidhuru, tutanunua kingine, na kwa kuwa alisahau kukiachia, ilibidi Ignace auinue mkono wake kwa upole ili mtoto apate nafasi ya kujibu.

Barabara ilipofunguka, Ignace alimtafutia Sophie nafasi kwenye lori la maharage lililokuwa likienda Butembo na walinzi. Jioni ile Esdras alitoa habari kwamba wameonana, na kwamba mtoto alijificha kwanza nyuma yake, kisha akatoka.

Mama Ngalula aliandika ripoti kwa wakubwa wa ng'ambo, akiwaeleza kila kitu bila kuficha. Jibu lilichukua miezi: mashine zibaki zimefungwa, na ule ukurasa ulioandikwa, kama unafaa, nakala yake itumwe kwao pia. Wakati huo watoto wengi walikwisha pita kwenye foni.

Lakini hayo ni ya baadaye. Lori la Sophie lilipokwisha ondoka, Victoire alirudi ndani, akavuta kiti mbele ya mashine, akabonyeza kitufe.

"Butembo, nisomee lile kosa lako," alisema. "Polepole. Nataka na mimi nilipige hapa."

"Bien reçu," Esdras akajibu. "Mustari wa kwanza. Fungua parenthèse."